Jasho la Baisikeli na Nyumba ya Jirani

Wahenga walisema: Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Lakini yuko mtoaji amwinuaye mwenziwe, na yuko amwinamishaye kichwa kwa haya. Tofauti ya hao wawili yaonekana wazi katika safari za baisikeli zilizoanzishwa Marekani mwaka 2008 na Fuller Center for Housing, chama cha Kikristo ambacho kazi yake ni kuwajengea nyumba watu wa kipato kidogo na kuzitengeneza zilizochakaa.

Chama hicho kilianzishwa mwaka 2005 na Bwana Millard Fuller na mkewe Linda. Bwana Fuller alikuwa mwanasheria na mfanya biashara, naye alipata kuwa milionea kabla ya kutimiza miaka 30. Lakini kadiri mali ilivyozidi, ndivyo ndoa ilivyodhoofika, hata mwaka 1965 mkewe akaondoka nyumbani. Walipopatana, waliazimu kuuza mali yao na kuwagawia maskini. Toka 1973 hata 1976 walikaa Mbandaka, katika Kongo iliyoitwa Zaire wakati ule, wakajenga nyumba pamoja na wenyeji. Mwaka ule ule wa 1976, waliporudi kwao, walianzisha chama cha Habitat for Humanity.

Neno walilolishika siku zote ni hili: nyumba si kitu cha kutupiwa mtu kama mkate. Ajengewaye hushika sepeto na nyundo pamoja na wasaidizi wake. Kisha hulipa gharama kidogo kidogo, bila riba wala faida, na fedha hizo husaidia kujenga nyumba ya mwingine. Hivyo aliyesaidiwa jana huwa msaidizi wa leo, wala hana sababu ya kuona haya.

Safari ya kwanza ya baisikeli ilitoka San Diego, pwani ya bahari ya Pasifiki, ikaishia Savannah, pwani ya Atlantiki, mwendo uliozidi maili 3,000. Toka Nairobi hata Mombasa ni maili 300 hivi. Basi ni kama kwenda na kurudi mara tano. Kabla ya kuondoka, mpanda baisikeli huwaendea jamaa, rafiki na washirika wa kanisa lake, awaombe kuahidi fedha. Njiani kuna milima ya kupanda, jua kali la kiangazi, na tairi zinazopasuka mbali na mji. Usiku hulala katika majumba ya makanisa yanayowakaribisha. Tena ziko siku ambazo baisikeli huegemezwa ukutani, nao waendeshaji hushika misumari na brashi za rangi, wakatengeneza nyumba ya mtu ambaye hawakupata kumwona kabla ya siku ile.

Mtu aweza kuuliza: Kwa nini wasipeleke fedha tu, wakakaa kwao? Swali hili si la kipuuzi, kwa kuwa safari yenyewe hula fedha na siku nyingi. Lakini barua ya kuomba msaada huwekwa mezani ikasahauliwa, bali jirani aliyekubali kutaabika kwa ajili ya wengine hasahauliwi upesi. Bwana Fuller alilijua jambo hilo zamani: mwaka 1983 alikwenda kwa miguu maili 700, toka Americus hata Indianapolis, ili watu waikumbuke kazi ya nyumba. Hata hivyo, kama safari ingeishia katika kupigiwa makofi, ingekuwa mchezo tu. Kipimo chake ni paa lililokuwa likivuja, ambalo sasa halivuji.

Bwana Fuller alifariki Februari 2009, miezi michache baada ya safari ile ya kwanza, lakini wengine walipanda baisikeli wakaendelea. Mafundisho yake hayahitaji bahari mbili. Mkulima ambaye nyumba ya jirani yake imeezuliwa na upepo aweza kupeleka mabati mawili na kwenda zake. Lakini akienda na nyundo, naye mwenye nyumba akatafuta nguzo, wakapanda juu pamoja, jirani yule atabaki na paa na heshima yake pia. Na upepo utakapoezua nyumba ya tatu, watakwenda wawili.