Subira haikatazi machozi



Ndugu msomaji, mama mmoja wa hapa Tanga aliijia kamati yetu ya msikiti kuomba nauli ya kwenda Ocean Road, Dar es Salaam. Alikwisha kufanyiwa upasuaji wa saratani ya titi, na sasa alitakiwa kupata mionzi kwa wiki kadhaa, mbali na nyumbani. Tulichanga, tukamwombea dua, nami kama katibu nikamuusia subira. Akanijibu, "Subira ninayo, mwanangu. Nimekosa wa kumlilia."

Nilishikwa na haya. Mara nyingi neno hilo tunalitumia kumnyamazisha mgonjwa, ilhali Qur'ani inatueleza kuwa Nabii Yaaqub (a.s.), aliyeitaja subira njema, alihuzunika kwa kumkosa Yusuf hadi macho yake yakawa meupe. Mtume wetu (s.a.w.) naye alitokwa na machozi alipofariki mwanawe Ibrahim.

Saratani ya matiti ni ya pili kwa wingi miongoni mwa wanawake wa Tanzania, baada ya ile ya mlango wa kizazi, na wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa. Wako wanaoficha uvimbe kwa kuogopa talaka. (Waume tusikasirike, hofu hiyo haikuzuka bure.) Yule mama hakukiogopa kifo kama alivyokiogopa chumba chake mwenyewe: tangu aondolewe titi, mumewe alihamia chumba cha uani, bila neno.

Wataalamu wa saikolojia wa Marekani, Richard Tedeschi na Lawrence Calhoun, walieleza katika miaka ya 1990 kwamba baadhi ya waliofikwa na masaibu makubwa hukua kinafsi: huthamini zaidi uhai, hukaribiana na watu, na wengine imani yao huzidi. Lakini hukua kwa kupambana na huzuni yenyewe, si kwa kujifanya haipo. Wala mgonjwa hadaiwi ukuaji huo kama deni.

Imamu alimwita mume, wakazungumza faragha. Aliporudi kutoka Dar es Salaam, akina mama wa darsa walimtembelea kwa zamu, si kumhubiria, bali kupika naye na kumsikiliza. Siku moja alilia tangu Adhuhuri, hawakumkatiza.

Wiki iliyopita yeye mwenyewe alikwenda Pongwe kumzuru dada aliyegunduliwa karibuni kuwa na maradhi hayo. Alikaa naye hadi Alasiri.