ANAYEMLEA MZEE ALIPWE

Ndugu wanakijiji, hasa ninyi mnaopita hapa ghalani mkasoma bei ya pamba tu halafu mnaondoka, leo simameni kidogo.

Tunasema juu ya wazee wetu waliolala ndani. Yupo mmoja, mwanachama wa ushirika wa siku nyingi, kapooza upande mmoja. Jina hatuandiki, ana heshima yake. Mzee huyu ana ng'ombe wanane. Ng'ombe wana kijana wa kuwachunga na kijana analipwa kila mwezi. Akicheleweshewa siku tatu anagoma, simu inapigwa mjini, fedha inakuja siku hiyo hiyo. Vema, kazi ni kazi. Sasa mzee mwenyewe anatunzwa na mke wa mwanawe mdogo. Huyo mama analipwa nini? Analipwa asante. Na asante yenyewe ni ya simu, mpaka Krismasi ifike.

Yaani ng'ombe wana mtu wa mshahara, baba hana!

Tufanye hesabu kama tunavyofanya kwenye darasa la kisomo. Alfajiri anamwosha mzee, anambadilisha shuka, anakwenda kisimani maana shuka zile lazima zifuliwe leo si kesho. Anampikia uji, anamlisha kijiko kwa kijiko. Mchana hivyo hivyo. Usiku je? Zahanati walitwambia mtu asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili, la sivyo mgongo unatoka vidonda. Usiku ni saa 12. Gawanya kwa mbili, ni mara sita. Nani kati yetu wanaume wa kamati amewahi kuamka mara sita usiku mmoja, tukiwaacha wale wa pombe?

Msimu uliopita shamba la mama huyu lilimezwa na majani. Alileta hapa mzanini furushi moja tu la pamba, na watu wakacheka. Tulicheka hata sisi viongozi. Tumekosa, tunajisahihisha mbele yenu.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikwisha sema kuwa wanawake wa vijijini hufanya kazi saa 12 au 14 kwa siku, hata Jumapili na sikukuu. Tulilikariri sana. Lakini tulizoea kudhani mnyonyaji ni bepari mwenye tumbo kubwa aliye mbali huko. Kumbe anaweza kuwa kaka wa mume wako, mtu mpole kabisa, anayekutumia salamu.

Wapo wanaosema: kulea mzazi ni baraka, mambo ya kulipana ni ya Wazungu. Sawa, ni baraka. Mbona basi hamji kuichukua? Mzee hakumzaa huyu mama, amewazaa ninyi. Baraka mmempa yeye, na ng'ombe mkaandika nani atarithi yupi.

Wengine wanasema fedha hakuna. Amri ya mishahara ya 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, iliweka kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mtumishi wa ndani anayelala kwa mwajiri, na 120,000 kwa asiyelala hapo. Hatusemi mke wa ndugu yenu ni mtumishi. Tunawapa kipimo tu. Watoto watano, kila mmoja 12,000, ni 60,000. Asiye nazo kweli, na wapo, aje wiki mbili agezwe yeye usingizi, au aje apalilie shamba la huyo mama. Hiyo nayo ni malipo.

Na wale wa "tungoje serikali"? Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 ilisema familia ndiyo msingi wa kutunza wazee. Wenzetu Zanzibar walianzisha pencheni kwa kila mzee wa miaka 70 mwaka 2016, ikaanza na shilingi 20,000 kwa mwezi. Ni jambo jema na sisi Bara tuendelee kulidai. Lakini hata ikija, 20,000 inanunua sabuni na sukari. Haimgeuzi mtu usiku.

Jambo la mwisho ndilo baya kuliko yote. Kuna nyumba ambayo kwa kukwepa gharama wamemtoa binti wa darasa la sita akae na bibi yake. Sheria ya Elimu ya 1978 inataka mtoto aliyeandikishwa shule ya msingi ahudhurie mpaka amalize. Wenye nyumba mnajijua. Mtoto arudi darasani Jumatatu. Asiporudi, tutakuja na mwalimu mkuu mlangoni, na hatutakuja kunywa chai.

Kikao ni Jumamosi saa nne asubuhi, hapa ghalani. Kila mji wenye mzee wa kulala ndani ulete namba za simu za watoto walio mjini. Tutawapigia palepale, wote wasikie. Kitakachokubaliwa kitaandikwa kwenye daftari: nani anatoa, kiasi gani, tarehe gani, na anayepokea ni yule anayelea, si mume wake. Mjumbe wa nyumba kumi atatia sahihi.

Karatasi hii isichanwe. Aliyechana ya mwezi uliopita tunamjua.

Katibu wa Tawi