Saa 48 si za kuuza

Kule Misisi, Lubichako na kwenye mashimo mengine ya dhahabu ya Fizi, hadithi ni moja. Kijana anagombana na PDG wa shimo juu ya deni. Asubuhi anatiwa kasho. Bibi yake anafika na chakula, anaambiwa: "Mama, leta franga, mutu wako atatoka." Mama anauza mbuzi, ao ile dhahabu kidogo aliyoweka kwa masomo ya watoto. Hakuna karatasi, hakuna sababu. Kijana anatoka, na watu wanasema Mungu amesaidia.

Sisi tunasema: ile franga haina sheria.

Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 18, iko wazi. Mtu aliyekamatwa aambiwe sababu palepale, kwa lugha anayoisikia. Apashe habari jamaa ao avoka wake. Polisi hawawezi kumshika kupita saa 48: aachiliwe, ao apelekwe mbele ya wakubwa wa sheria. Na kifungu cha 61 kinakataza kufunga mtu juu ya deni, hata wakati wa hali ya hatari. Anayedai aende tribinali. Kasho si mahali pa kulipisha deni.

Kwa Waingereza na Wamarekani kuna ombi linaloitwa habeas corpus: hakimu anamwambia mwenye gereza, "Mlete huyu mtu hapa, na useme juu ya nini umemfunga." Kwetu jina hilo halisikiki, lakini Agano la kimataifa ambalo nchi yetu iliingia mwaka 1976, kifungu cha 9, linampa kila mfungwa haki ileile.

Haya si maneno ya vitabu tu. Tarehe 5 Novemba 1995, mfanyabiashara wa Guinea, Ahmadou Sadio Diallo, alikamatwa Kinshasa, akakaa ndani siku 66. Guinea ilipeleka Kongo mbele ya korti ya La Haye. Mwaka 2010 mahakimu walisema Kongo imevunja haki zake. Mwaka 2012 wakaiamuru ilipe dola 95.000.

Mchimbaji wa Misisi hana serikali ya kumfikisha La Haye. Iko na jamaa na wenzake wa shimo. Basi, ndugu zetu, tangu saa ya kwanza andikeni: amekamatwa saa ngapi, na nani, juu ya nini. Saa 48 zikipita, pelekeni barua kwa parke, nakala mbili, moja irudi na muhuri. Wakisema ni dhamana, ombeni risiti.

Tunajua si rahisi. Tribinali kubwa iko Uvira, avoka anataka pesa, na anayekataa kulipa anaweza kulala ndani usiku mwingine. Kwa hiyo mzigo huu usiachiwe mama mmoja mwenye sahani ya ugali. Kila koperative ichague mtu wa kufuata waliokamatwa, na kasha dogo la nauli ya kufika Uvira. Na wakubwa wa parke watembelee kasho zote, wahesabu watu na saa zao.

Mwenye kosa ahukumiwe, hatukatai. Lakini ahukumiwe na hakimu, si na mfuko wa bibi yake.