Kimo cha Farasi Si Kipimo cha Nguvu

Wapo watu wengi ambao, wachaguapo farasi wa kupanda, hutanguliza kimo, wakiamini kuwa aliye mrefu ndiye mwenye nguvu. Dhana hiyo haina budi kusahihishwa, kwani anayeumia kwa kosa letu ni mnyama asiyeweza kusema.

Katika milima ya Lesotho, farasi wa Kisotho, ambaye si mrefu, humbeba mtu mzima katika njia nyembamba za mawe na miteremko mikali. Siri yake ni mifupa imara na kwato ngumu. Ama kweli, umdhaniaye ndiye kumbe siye.

Lakini hiyo si ruhusa ya kumwonea mdogo. Wataalamu wengi hushauri kwamba uzito wa mpandaji pamoja na tandiko usizidi asilimia 20 ya uzito wa farasi mwenyewe. Yaani, farasi wa kilo 400 asibebeshwe zaidi ya kilo 80. Aliyekonda, mzee au mgonjwa apunguziwe zaidi.

Basi, kabla ya kumpima farasi kwa macho, mpandaji na ajipime kwanza mwenyewe kwa mizani.