Picha za chini ya bahari ziwafikie wanaolipia umeme

KUTOKA Ubaruku hadi pwani ni mamia ya kilomita za milima, mbuga na mashamba. Mkulima wa mpunga wa Mbarali anaweza kuzeeka bila kuonja maji ya chumvi. Hata hivyo, msimu wa mavuno unapofika na magunia yakarundikana uani kwa mwenye mashine ya kukoboa, kinachoamua kama mchele utatoka leo au kesho ni umeme, na sehemu ya umeme huo chanzo chake kimepita chini ya bahari.

Gesi ya Songo Songo, kisiwa kilichoko Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974. Ilikaa ardhini miaka 30 hadi ilipoanza kutumika kuzalisha umeme Dar es Salaam mwaka 2004. Kutoka kisiwani hadi Somanga gesi hiyo husafiri katika bomba lililolazwa chini ya bahari kwa takriban kilomita 25, na mwaka 2015 lilizinduliwa bomba la pili, kubwa kuliko la kwanza. Baadhi ya visima vyenyewe vimechimbwa majini, juu yake pamesimama majukwaa ya chuma. Kwa miaka kadhaa kabla ya bwawa la Julius Nyerere kuanza kuzalisha mwaka 2024, zaidi ya nusu ya umeme wa gridi ya Taifa ulitokana na gesi, ya Songo Songo ikiwamo.

Nguzo ya umeme ikilala barabarani, kila mpita njia anaiona. Bomba la chini ya bahari likianza kuliwa au kufukuliwa na mkondo, anayeona ni samaki na mpiga mbizi mwenye kamera. Ndiyo maana kazi ya kupiga picha kuzunguka mitambo ya mafuta na gesi, ambayo wengi huidhani kuwa mchezo wa watalii, inamhusu pia mwenye mashine ya kukoboa.

Kazi yenyewe si nyepesi. Chini ya maji kamera haifanyi kazi kama inavyofanya harusini. Baada ya mita chache tu rangi nyekundu humezwa na maji, hivyo kutu, ambayo ndiyo inayotafutwa, huonekana kama doa la kijivu mpaka taa isogezwe karibu. Taa nayo ikielekezwa moja kwa moja mbele, humulika kila chembe inayoelea, na picha ikatoka kama pumba zinazopeperuka mlangoni mwa mashine. Mpiga picha mzoefu huweka taa zake pembeni.

Halafu kuna mkondo. Mtu anayepiga miguu kushindana nao humaliza hewa ya mtungi kabla hajazunguka hata miguu miwili ya jukwaa. Hapo ndipo hutumika skuta ya majini, chombo mfano wa kopo refu chenye betri na panga nyuma, ambacho mpiga mbizi hukishika kwa mikono kikamvuta. Kwa skuta anaweza kulifuata bomba kwa mwendo mmoja, akipiga picha zinazopandana kidogo kidogo bila kuacha pengo. Lakini panga hilo hilo likikaribia sakafu ya bahari hutimua tope, kazi ikaharibika. Na skuta inayompandisha mtu juu haraka mno inaweza kumuua, kwa kuwa hewa iliyoyeyuka katika damu hugeuka mapovu. Michezo ya kawaida ya kupiga mbizi huishia mita 40. Kwenye gesi ya kina kirefu, kama kisima cha Zafarani kilichogunduliwa mwaka 2012 penye maji ya zaidi ya mita 2,500, binadamu hafiki kabisa. Huko hushushwa mashine zenye kamera zinazoendeshwa kutoka melini.

Lililo muhimu zaidi ni nani anayeziona picha hizo zikishapigwa.

Aprili 20, 2010, mtambo wa Deepwater Horizon ulilipuka katika Ghuba ya Mexico, upande wa Marekani. Watu 11 walikufa na kisima kikaanza kumwaga mafuta katika kina cha mita 1,500 hivi. Wananchi waliambiwa kwanza kuwa yanavuja mapipa 1,000 kwa siku, kisha 5,000. Kamera za mashine zilizokuwa chini zilikuwa zikiona yote, lakini picha zilikaa ofisini. Mwezi Mei, baada ya shinikizo la wabunge wa nchi hiyo, video zilitolewa hadharani. Wanasayansi waliokuwa nje ya kampuni walipima kasi ya mafuta kwa kuangalia video tu, wakasema kiasi ni kikubwa mno kuliko kilichotangazwa. Hesabu ya mwisho ya serikali ilifika kati ya mapipa 53,000 na 62,000 kwa siku. Wavuvi waliokuwa wakidai fidia wasingekuwa na la kusema kama picha zingebaki kabatini.

Gesi ya Songo Songo si mafuta mazito, na ikivuja haitapaka ufukwe rangi nyeusi. Lakini suala la nani ana ushahidi ni lile lile, na watu wa Usangu wanalifahamu kuliko wengi. Mwaka 2006 bwawa la Mtera lilipokauka na nchi ikaingia katika mgawo mkali wa umeme, kidole kilielekezwa juu ya mto. Wafugaji waliondolewa Ihefu, na wakulima wa umwagiliaji wakahesabiwa miongoni mwa waliomaliza maji ya Ruaha Mkuu. Wapo watafiti waliosema kuwa namna maji yalivyofunguliwa bwawani nayo ilichangia. Mkulima wa Ubaruku hakuwa na picha wala vipimo vya kujitetea. Alikuwa na neno lake tu, na neno la mkulima mbele ya mkutano wa wataalamu halina uzito.

Mvuvi wa Songo Songo yuko katika nafasi hiyo hiyo. Sheria ya kimataifa ya bahari inaruhusu eneo la usalama la hadi mita 500 kuzunguka mitambo ya aina hii. Wakati huo huo, nguzo za chuma zikikaa majini huota chaza na sifongo, samaki wadogo wakaja, na wakubwa wakawafuata. Watafiti waliopima majukwaa ya mafuta ya California walitangaza mwaka 2014 kuwa ni miongoni mwa makazi yanayozalisha samaki wengi zaidi duniani. Je, majukwaa ya Kilwa yanaongeza samaki wa mvuvi au yanawavuta tu mahali asipofika? Picha zinazopigwa kila mwaka mahali pale pale zingesaidia kujibu. Zingeonyesha pia matumbawe yaliyovunjwa na baruti, ili bomba lisibebeshwe lawama ya wavuvi haramu, wala wavuvi lawama ya bomba.

Mfanyabiashara mwenye jicho la fedha atauliza kuhusu utalii. Ni kweli kwamba wapiga picha huzunguka majukwaa ya California kwa skuta zao, na huko Mabul, Malaysia, mtambo mkuukuu wa mafuta umegeuzwa hoteli ya wapiga mbizi. Lakini mtambo wa Mabul umestaafu. Kisima kinachotoa gesi si mahali pa kupeleka mgeni mwenye kamera, na anayefikiri hivyo aanze na matumbawe ya Mafia.

Wapo watakaosema kuwa picha za mitambo ni siri ya usalama. Hoja hiyo ina ukweli kwa vali na milango ya mitambo. Haina ukweli kwa sakafu ya bahari, kwa chaza walioota juu ya nguzo, wala kwa mahali bomba lilipobaki likining'inia baada ya mchanga kuondoka. Hayo mamlaka za udhibiti zinaweza kuyatoa bila kumsaidia mhalifu yeyote. Nchi ina sheria ya mwaka 2015 ya uwazi katika tasnia ya uziduaji, inayotaka mikataba iwekwe hadharani. Anayeruhusiwa kusoma mkataba hawezi kuzuiwa kuona tumbawe.

Ni kweli pia kwamba kamera haioni kila kitu. Visima vya majini vya Songo Songo vilipofanyiwa ukarabati mkubwa mwaka 2015, kutu iliyokuwa imeshambulia baadhi yake ilikuwa katika mabomba ya ndani ya kisima, ambako hakuna mpiga mbizi angeweza kuingiza taa. Picha ni za nje. Lakini nje ndiko wanakokaa pweza na wavuvi wao, na vijana wa kisiwani wanaozamia kutafuta pweza tangu utotoni wanaijua mikondo ile kuliko mgeni yeyote. Kuwafundisha kamera na skuta ni gharama ndogo ukilinganisha na bei ya jukwaa moja.

Muda nao una maana yake. Leseni ya uzalishaji ya Songo Songo ilitolewa Oktoba 2001 kwa miaka 25, hadi Oktoba 2026. Iongezwe au isiongezwe, hapo ndipo pa kuuliza sakafu ya bahari ilikuwaje mwanzoni na iko vipi sasa. Ubaruku mtu akikodi majaruba, mwenye shamba na mkodishwaji huzunguka kingo pamoja kabla ya fedha kutolewa, wakakubaliana wapi pamebomoka tangu zamani na mfereji upi ulikuwa mzima. Msimu ukiisha huzunguka tena, na shahidi wao akiwapo.