Bwera: Foleni pekee haitoshi kupima athari za ujenzi mpya

Mwezi Juni 2021, Marais Yoweri Museveni wa Uganda na Félix Tshisekedi wa Kongo walikutana Mpondwe, mpakani karibu na Bwera, wakazindua mradi wa barabara zenye urefu wa kilomita 223 ndani ya Kongo, ikiwemo ya Kasindi hadi Beni yenye kilomita 80. Mwaka uliofuata, Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki. Barabara inapofunguka, ardhi iliyo kando yake nayo huanza kutafutwa, na kila ghala, soko au maegesho ya malori yanayojengwa huibua swali moja: yataongeza usafiri kiasi gani, na nani atabeba gharama yake?

Kwa miongo mingi, wahandisi wa nchi nyingi wamelijibu swali hilo kwa kupima foleni. Huhesabiwa muda ambao magari hucheleweshwa katika makutano, kisha barabara hupewa alama kuanzia A hadi F. Mradi unaoishusha alama huonekana kuwa na madhara, na tiba inayopendekezwa mara nyingi ni kupanua barabara.

Kipimo hicho kina kasoro. Jengo likiwekwa katikati ya mji, ambako watu wengi hufika kwa miguu, hulaumiwa kwa sababu barabara zilikuwa zimejaa tangu awali. Jengo hilohilo likipelekwa mbali, penye barabara tupu, hupita bila pingamizi, ingawa kila anayelihitaji atalazimika kusafiri zaidi. Jimbo la California nchini Marekani lilipitisha sheria mwaka 2013 ya kuachana na utaratibu huo. Tangu Julai 2020, athari za usafiri katika tathmini za mazingira za jimbo hilo hupimwa hasa kwa jumla ya umbali ambao magari yatakwenda kwa sababu ya mradi.

Tofauti ya vipimo hivyo viwili inaeleweka kwa urahisi Bwera. Ichukuliwe, kwa mfano tu, kwamba soko la wachuuzi 200 linahamishwa kutoka mahali wanapofika kwa miguu hadi kiwanja kilicho umbali wa kilomita 5. Kila mchuuzi akipanda bodaboda kwenda na kurudi, hizo ni kilomita 2,000 kwa siku, kabla ya kumhesabu mnunuzi hata mmoja. Anayepima foleni ataripoti kwamba mji umepata nafuu. Mchuuzi, ambaye nauli inatoka katika faida yake ndogo, ataona vingine.

Hata hivyo, kipimo cha California hakiwezi kunakiliwa kilivyo, kwa kuwa kinalenga hasa magari madogo. Mpondwe ni njia ya malori ya mbao, kahawa na saruji, na lori moja huichakaza barabara kuliko magari madogo mengi. Aidha, Uganda huendesha upande wa kushoto na Kongo upande wa kulia, hivyo dereva anayevuka mto Lhubiriha hulazimika kubadili upande palepale wanapopita watembea kwa miguu na baiskeli zilizosheheni mizigo. Kwa hiyo, pamoja na umbali, uzito wa magari na usalama wa wapita njia havina budi kuhesabiwa.

Msingi wa kisheria upo. Sheria ya mipango ya mwaka 2010 inaitambua Uganda nzima kuwa eneo la mipango, na sheria ya mazingira ya mwaka 2019 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira na jamii. Kukusanya takwimu za awali si lazima kuhitaji mitambo ya gharama. Watu wachache wenye kalamu na daftari, wakisimama njiani siku ya soko na siku isiyo ya soko, wanaweza kuwauliza wapita njia watokako, waendako na wanasafiri kwa njia gani.

Soko au maegesho yakishajengwa, ni vigumu kuyahamisha. Takwimu hizo zitakuwa na faida zikikusanywa kabla ya kiwanja kuchaguliwa.