Utenzi Haumuulizi Mtu Dini

Wako wapenzi wa ushairi hapa Mji wa Kale washikiliao kwamba utenzi ni mali ya Waislamu peke yao. Hawakukosa sababu: tenzi kongwe za mwambao ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, zikafunguliwa kwa Bismillahi na kufungwa kwa dua.

Lakini tumtazame marehemu Mathias Mnyampala (1917-1969), Mgogo wa Dodoma na Mkristo. Kazi yake ilikuwa uhakimu; ushairi ulikuwa mapenzi yake. Katika miaka ya 1960 alitoa Utenzi wa Enjili Takatifu na Utenzi wa Zaburi. Kipimo ni kile kile chetu: vipande vinne, kila kimoja mizani nane, vitatu vya kina kimoja, na cha nne kikichukua kina cha bahari hadi utenzi uishe. Mwenye kujifunga na sheria hizo, ubeti baada ya ubeti, hujifunza subira na unyenyekevu. Hayo ni mafunzo ya kanisani kama yalivyo ya chuoni.

Wala tusijisahau. Mashairi mengi ya Muyaka bin Haji, fahari ya Mombasa, yametufikia kwa kuwa Mwalimu Sikujua, Mwislamu, alimkusanyia Padri Taylor, mmisionari Mwingereza, katika miaka ya 1880.

Basi mashindano yetu ya tenzi yafunguliwe kwa kijana yeyote ajuaye mizani, awe ametoka msikitini au kanisani. Sisi wakongwe kazi yetu ni kumsahihishia vina, si kumuuliza anaswali wapi.